Pentax K1000: Ijaribu kwa Sikio Kabla ya Kutoa Pesa

Kamera za filamu zimerudi mikononi mwa vijana, na bei zake zimepanda. Kamera iliyolala kabatini miaka nenda rudi bila kuulizwa na mtu sasa inafutwa vumbi, inapigwa picha kwa simu na kutangazwa kuwa "nzima kabisa". Mwulize muuzaji ameijaribuje. Atavuta mkono wa kusogezea filamu, atabonyeza kitufe, utasikia klak, basi. Hiyo klak moja ndiyo ushahidi wote alio nao.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: tafuta kamera isiyotegemea umeme ili kupiga picha, na usitoe pesa mpaka umekaa nayo angalau nusu saa. Karibu kila kiungo cha kamera ya aina hiyo kinapimika kwa jicho, kidole na sikio, bila kutia filamu. Filamu ni ghali, kuisafisha ni gharama nyingine, na siku hizi maabara zenyewe ni za kutafuta. Kasoro uliyoigundua mbele ya muuzaji inakusaidia kupunguza bei. Ile utakayoigundua kwenye negativu itakuwa imekula pesa ya kamera, ya mkanda na ya kusafisha.

Nitaizungumzia Pentax K1000 kwa sababu ni nyingi, ni ngumu kuua na haina siri. Kampuni ya Asahi Optical ya Japani ilianza kuiuza mwaka 1976 na haikuacha kuitengeneza mpaka 1997, na katika miaka hiyo zilitoka zaidi ya milioni 3. Ilikusudiwa kuwa kamera ya mtu mwenye mfuko mwembamba. Wahandisi waliichukua Pentax KM ya mwaka uliotangulia, wakaondoa saa ya kujipiga mwenyewe, wakaondoa na kitu cha kukaguzia mapema kipi kitatoka wazi na kipi kitafifia. Waliyoyaacha ni mapazia mawili ya kitambaa kilichopakwa mpira, kioo kinachoruka juu na kurudi, kasi kuanzia sekunde 1 hadi 1/1000 pamoja na B, na mshale mmoja wa kukuonyesha mwanga. Fokasi unaweka mwenyewe, kasi unaweka mwenyewe, tundu la lenzi vilevile. Walimu wa upigaji picha Marekani na Ulaya waliipendekeza kwa wanafunzi wao miaka mingi, na si kwa sababu ya bei peke yake: mwanafunzi hakuwa na pa kujificha.

Betri yake ina kazi moja tu, kuuchezesha ule mshale. Ikifa, kamera inaendelea kupiga kwa kasi zote. Hapo ndipo inapoachana na Canon AE-1, iliyotoka mwaka huohuo wa 1976, nzuri na maarufu, lakini betri ikiisha haipigi hata picha moja. Minolta SR-T 101 na Olympus OM-1 hazihitaji betri kupiga, ila vipima mwanga vyake vilitengenezwa kwa betri za zebaki za volti 1.35 ambazo hazitengenezwi tena. K1000 inatumia LR44, kile kidonge cha volti 1.5 ambacho fundi saa yeyote wa mtaani anacho kwenye droo. Nikon FM2 ya 1982 inaishinda kwa mengi, kasi ikiwamo, lakini bei yake ni ya watu wengine. Ukiikuta kwa bei ya huruma, inunue. Mengi ya hapa chini yanaihusu nayo.

Utakutana pia na ubishi wa mahali ilikotengenezwa. Za mwanzo zina neno ASAHI usoni na zilitoka Japani. Baadaye kazi ya kuziunganisha ilihamia Hong Kong, na mwishoni China, ambako plastiki iliongezeka. Wakusanyaji hulipa zaidi kwa neno hilo la usoni. Wewe usilipe. K1000 ya China yenye mapazia yanayokwenda sawa ni bora kuliko ya Japani iliyokwama kwenye kasi za chini, na picha itakayotoka haitasema kamera ilizaliwa wapi.

Haya, iweke mezani. Kwanza zungusha taratibu kile kimkono cha kurudishia filamu, juu upande wa kushoto. Kikigoma, ndani mna mkanda wa mtu, usifungue. Kikizunguka bure, vuta kitasa chote juu na mlango wa nyuma utafunguka. Chungulia mfereji mwembamba ambamo ukingo wa mlango hukaa, na ule upande wa bawaba. Humo mlitiwa sponji nyeusi ya kuzuia mwanga, na sponji ya miaka arobaini hugeuka gundi. Ichokoe kwa kijiti cha meno. Ikinata au kumomonyoka, filamu yako itapata mistari ya mwanga pembeni. Hiyo si sababu ya kuikataa kamera, ni sababu ya kupunguziwa bei. Utaifuta kwa spiriti na vijiti vya pamba, kisha utabandika mpya, au uzi mweusi wa sufi kwenye mfereji. Ni kazi ya jioni moja. Iko sponji nyingine ndogo mbele ya kamera, pale kioo kinapogonga kikiruka. Ikichakaa, vipande vyake hudondokea kwenye kioo.

Sasa mapazia. Usiyaguse kwa kidole. Yaangalie kwa ubavu chini ya taa: yawe meusi, yamenyooka, bila makunyanzi. Zungusha gurudumu la kasi hadi 1, vuta mkono wa filamu, bonyeza, na funga macho. Utasikia klak ya kwanza, kisha mlio mwembamba wa vigurudumu vya meno vikizunguka ndani, zzzz, kisha klak ya pili. Katikati yake iwe sekunde nzima. Nenda 2, 4, 8, kila mara muda upungue kwa nusu, na mlio usikike ukifupika bila kusitasita. Kamera nyingi zilizolala muda mrefu hufeli hapahapa. Mlio unaanza vizuri, unachoka, unasimama katikati, pazia la pili halifungi. Sababu ni grisi iliyoganda. Muuzaji ataifyatua mara nyingi haraka haraka mpaka iamke, na kweli itaamka, kwa siku hiyo. Wiki ijayo italala tena. Kamera ya namna hiyo inahitaji fundi aifungue, aisafishe na kuitia mafuta mapya, kwa hiyo hesabu gharama hiyo kabla hujataja bei yako. Atakayekushauri upulizie mafuta ya kopo kwa ndani hakutakii mema, maana mafuta hayo yatasambaa hadi kwenye mapazia.

Kasi za juu sikio halizimudu. Lenzi ikiwa imetolewa na mlango umefunguliwa, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe au anga isiyo na jua, weka 1000, chungulia kwa nyuma na ubonyeze. Utaona dirisha la mwanga likimeremeta na kupotea. Liwe la mstatili kamili, na upande wa kulia ung'ae sawa na wa kushoto. Upande mmoja ukiwa giza, pazia moja linamkimbiza mwenzake na kumfikia kabla ya mwisho wa njia. Picha za kasi hiyo zitakuwa na ukingo mweusi. Rudia mara kadhaa, kwani ugonjwa huu huja na kuondoka. Mwenye simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde ana kipimo kizuri zaidi. Weka kamera kwenye 1/30, rekodi kwa nyuma, kisha tazama fremu moja moja. Katikati ya dirisha mwanga uonekane kwenye fremu 8 hivi. Zikiwa 7 au 9, ridhika. Zikiwa 14, hiyo si 1/30 tena.

Geuza kamera tumbo juu. Kuna kifuniko cha mviringo kinachofunguka kwa sarafu. Ukikuta unga wa kijani au mweupe, betri ilivuja na kuachwa. Mara nyingine husafishika kwa siki kidogo, mara nyingine waya umeshaliwa. Nenda na betri yako mfukoni, kwa sababu muuzaji daima "betri imeisha jana". Mimi hupendelea SR44, ya umbo lilelile, kwa kuwa volti zake hazishuki polepole kadiri inavyotumika. Ukiitia, chungulia. Mshale uko upande wa kulia wa kidirisha, juu kuna alama ya kujumlisha, chini ya kutoa. Elekeza dirishani, mshale upande juu. Ziba lenzi kwa mkono, ushuke. Lenga ukuta wa rangi moja, ulinganishe na programu ya kupima mwanga iliyo kwenye simu. Kipima mwanga kikikosea kwa kiasi kilekile kila mara, utakirekebisha kwa namba ya ISO. Kikirukaruka au kukwama, kipima mwanga kimekwisha. Kamera bado inatumika, ila bei yake si ile uliyotajiwa.

Hiki kipima mwanga hakina swichi. Lenzi ikiwa wazi, betri inatumika, hata kamera ikiwa imening'inia msumarini. Kifuniko cha lenzi ndiyo swichi yake. Wengi hulaumu betri za bandia, kumbe kifuniko kilipotea zamani.

Lenzi nayo ina uchunguzi wake, na kwa watu wa pwani ni uchunguzi mzito. Ifungue tundu lote, washa tochi ya simu upande mmoja, tazama kutoka upande mwingine kwa mshazari. Chembe chache za vumbi si kitu. Ukiona nyuzi nyembamba zinazotambaa kutoka ukingoni kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na imeota juu ya kioo chenyewe. Ikiwa kidogo, pembeni tu, picha haitajua. Ikiwa imetanda katikati, picha zinafifia na kila taa inapata ukungu wa kuizunguka. Kuna wanaosema itasafishwa. Ndiyo, lakini mara nyingi imeshaula utando uliopakwa juu ya kioo, na alama hazitoki. Kisha zungusha pete ya namba za f na kukitikisa kile kikono kidogo nyuma ya lenzi: vile vibati vya ndani vifunge na kufunguka mara moja, vikavu. Vikiwa na mng'ao wa mafuta vitachelewa kufunga, na picha itapata mwanga kupita uliopanga.

Lenzi inayokuja nayo mara nyingi ni ya milimita 50, ya f/2 au f/1.7, na kwa kujifunzia huhitaji nyingine. Mdomo wa K uliotolewa 1975 umeendelea hadi kamera za dijitali za Pentax, kwa hiyo lenzi ziko tele. Sharti ni moja: lenzi iwe na pete ya namba za f. Mpya zisizo na pete zitaingia na kukaza vizuri, lakini hutakuwa na namna ya kuchagua tundu. Lenzi za zamani za skrubu, Takumar za Pentax na hata Helios ya Zenit, hupita kwa pete ya kuunganishia. Fahamu tu kwamba utalifunga tundu kwa mkono kabla ya kupima mwanga, na kidirisha kitakuwa giza.

Umeinunua. Sasa tuje kwenye mwanga, ambako mikanda mingi hupotea kamera ikiwa nzima.

Ule mshale hauoni watu. Unajumlisha mwanga wa fremu nzima, unatoa wastani, na unaamini kwamba wastani wa kila kitu duniani ni kijivu cha kati. Mchukue mzee wa kanzu na kofia nyeupe, msimamishe mbele ya ukuta wa chokaa Mji Mkongwe saa sita mchana. Mshale unapanda juu: mwanga mwingi! Unautii, unapunguza, na picha inatoka na kanzu ya kijivu, ukuta wa kijivu, na uso mweusi usio na macho. Mchukue mama aliyevaa buibui akiwa kwenye mlango wenye kivuli. Mshale unashuka, unaongeza mwanga, na buibui inatoka kijivu kilekile. Mara zote mbili kipima mwanga kilifanya kazi yake sawasawa. Kilichokosekana ni uamuzi wako.

Namna iliyo rahisi kuliko zote ni kiganja. Ngozi ya kiganja haitofautiani sana kati ya mtu na mtu, awe mweusi tititi au maji ya kunde, na huakisi mwanga kiasi cha mara mbili ya kile kijivu. Kiweke kiganja chako kwenye mwanga ule ule unaoangukia uso wa unayempiga, kikielekea upande uleule unaoelekea uso wake. Kijaze kwenye kidirisha. Haijalishi kama fokasi haipo. Leta mshale katikati, kisha ongeza mwanga hatua moja, yaani kutoka 1/250 hadi 1/125, au kutoka f/11 hadi f/8. Baada ya hapo usiuangalie tena mshale. Piga. Mshale utapanda juu, utashuka chini, utalia, uache. Vipimo hivyo vitadumu mpaka jua libadilike au mtu ahame kivulini.

Kama kiganja hakifai kwa sababu umesimama juani naye yuko barazani, msogelee, ujaze uso wake kwenye kidirisha na kupima hapo. Ngozi nyeusi huakisi chini ya kijivu cha kati, hivyo mshale utakupa mwanga zaidi kidogo ya haja. Kwa negativu uchukue hivyohivyo. Filamu ya negativu, ya rangi au nyeusi na nyeupe, huvumilia mwanga kuzidi kuliko kupungua. Kivuli ambacho hakikuandikwa kwenye filamu hakuna maabara itakayokitoa. Ndiyo maana wapiga picha wengi huweka filamu ya ISO 200 kana kwamba ni 100, na kwa jua letu la utosini, linalowatia watu vivuli vyeusi machoni, naona ni busara. Namba hiyo unaibadilisha kwa kuinua pete ya nje ya gurudumu la kasi na kuizungusha; inakwenda kutoka 20 hadi 3200. Slaidi ni kinyume chake, haisamehi mwanga uliozidi, lakini sitamshauri anayeanza anunue slaidi.

Anayetaka kuona jinsi weupe na weusi wa pwani unavyokaa kwenye picha moja apite Capital Art Studio, barabara ya Kenyatta, Mji Mkongwe, studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Asimame mbele ya zile picha nyeusi na nyeupe za Zanzibar ya zamani, atazame jinsi kuta na nguo zilivyoandikwa bila kuwameza watu.

Jambo jingine kuhusu mshale: kitu kinachohisi mwanga ndani ya kamera hii ni cha kizazi cha zamani na kina kumbukumbu. Ukikielekeza kwenye jua kisha ukaingia chumbani, kitadanganya kwa muda. Kipe nafasi kitulie.

Na siku betri itakapokufa, tumia kanuni ya jua kali: tundu f/16, kasi iwe sawa na ISO. Filamu ya 100, f/16 kwa 1/125. Filamu ya 400, f/16 kwa 1/500. Mawingu mepesi, fungua hatua moja. Kivuli cha wazi, hatua tatu. Kanuni hii pia inakuonyesha filamu ya kununua. Kasi ya juu kabisa ya K1000 ni 1/1000. Mwenye ISO 400 juani hawezi kufungua zaidi ya f/11, na nyuma ya mtu kila kitu kitaonekana, nyaya za umeme, bajaji, matangazo ya simu. Mwenye ISO 100 anafika f/5.6. Nyuma kufifia kabisa kwa f/2 juani hatakuweza hata huyo, kwani angehitaji 1/8000. Asubiri jioni au aende kivulini. Kwa hiyo kwa mchana wa nje nunua 100 au 200, na 400 uiweke kwa ndani, mvua na magharibi. Filamu nyeusi na nyeupe kama Ilford HP5 Plus ni ya 400 lakini ni mvumilivu, na kwa anayetaka kusafisha mwenyewe nyumbani ndiyo pa kuanzia.

Fokasi haihitaji hotuba. Katikati ya kidirisha kuna duara dogo la chembechembe. Kitu kikiwa nje ya fokasi duara linametameta, kikiingia linatulia. Lenga macho, si pua. Kwa watoto wanaokimbia au soko lenye msongamano usihangaike na duara: weka f/8, zungusha lenzi hadi mita 5, na kila kitu kuanzia mita 3 na nusu hadi 9 hivi kitatoka wazi. Mistari iliyochorwa kwenye lenzi yenyewe inakuonyesha hesabu hiyo kwa kila tundu.

Flashi: kasi 1/60 au chini yake, yenye alama ya X. Ukipita hapo, nusu ya picha itakuwa giza.

Kuitia filamu ndiko kunakowaaibisha wengi. Ingia kivulini. Weka kopo la filamu upande wa kushoto, shusha kitasa, vuta ulimi wa filamu hadi kwenye gurudumu la kulia, uuchomeke, sogeza kidogo mpaka meno yashike matundu ya juu na ya chini, ndipo ufunge mlango. Sasa zungusha kimkono cha kurudishia kama unarudisha, taratibu, mpaka ulegevu wote uishe na kikaze. Halafu vuta mkono wa filamu, ukikitazama kile kimkono cha kushoto. Kikizunguka, filamu inasogea. Kisipozunguka, ulimi umechomoka, na utapiga harusi nzima kwenye hewa huku kihesabio kikikupa moyo: moja, mbili, tatu, hadi thelathini na sita. Mwisho wa mkanda usilazimishe mkono. Bonyeza kitufe kidogo cha chini, rudisha mpaka usikie umelegea, ndipo ufungue. Kitufe cha kupigia hakina kufuli, hivyo usivute mkono wa filamu kabla ya kuiingiza kamera begini, vinginevyo utalipia picha za ndani ya begi.

Kuhusu kuhifadhi, mkoba wa ngozi unaokuja na kamera hizi unapendeza ukutani. Hunywa unyevu na kuitunzia kuvu chakula. Watu wa Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam wawe na ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana na pakiti za silika za kutosha, zile zinazobadilika rangi zikishiba maji ili uzikaushe. Na kamera itumike. Lenzi inayopata jua na hewa mara kwa mara haishikwi na kuvu upesi. Filamu ambazo hujapiga zikae friji, uzitoe saa chache kabla ya kuzitumia zikiwa bado zimefungwa. Ukisafiri kwa ndege usiziweke kwenye mzigo wa chini, na pale uwanjani penye mashine mpya za CT za mizigo ya mkononi, omba kwa adabu zikaguliwe kwa mkono.

Anayesafisha nyeusi na nyeupe mwenyewe atagundua kwamba vitabu vyote vinasema nyuzi 20, na bomba la Dar es Salaam halina nyuzi 20. Ama upoze dawa kwa chupa za barafu zilizozamishwa kwenye beseni la nje, ama uikubali nyuzi 24 na kupunguza muda kwa jedwali la mtengenezaji wa filamu. Njia ya pili ni rahisi zaidi, alimradi dawa zote na maji ya kusuuzia viwe na joto linalokaribiana. Filamu ya rangi husafishwa kwa nyuzi 38 hivi, kwa hiyo ajabu ni kwamba joto letu linaisogelea zaidi hiyo, ila dawa zake ni za kutafuta.

Mkanda wa kwanza usiupeleke harusini. Uufanye wa majaribio: uso wa mtu juani, uso huohuo kivulini, ukuta mmoja kwa kasi nyingi uwezavyo ukibadilisha tundu ili mwanga ubaki uleule, na picha chache kwa tundu lote likiwa wazi. Andika kila moja kwenye daftari. Maabara ikikuletea faili za skani peke yake, dai negativu zako, kwa kuwa skani husawazisha mwanga na kuficha ugonjwa. Zishike dhidi ya dirisha. Alama nyeusi zinazotambaa kutoka kwenye matundu ya pembeni kuingia kwenye picha ni sponji ya mlango. Vidoa vyeusi vinavyorudi mahali palepale kila fremu ni vitundu kwenye pazia. Picha za 1/500 na 1/1000 zenye upande mmoja mweupe wazi ni mapazia yasiyokwenda pamoja, na zile za ukuta zinazozidi kuwa nyeusi kadiri kasi inavyoshuka ni grisi. Fremu zinazopandana ni vigurudumu vya kusogezea. La sponji utalimaliza mwenyewe. Hayo mengine mpelekee fundi, uende na negativu zenyewe na lile daftari, aone kasi ipi inaumwa kabla hajashika bisibisi.